Namba Iliyokwanguliwa

Droo ya jikoni ililia. Mara ya kwanza kwa kuvutwa, kisha kimya, kisha ikalia tena kwa kurudishwa. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo alfajiri na nje bado giza totoro. Nilikuwa nimelala macho wazi, na bila kuinuka kitandani nikajua baba yangu ametoa tambara lake.

Droo ile ina tambara moja tu, kipande cha shati la flana alilolivaa kiwandani mpaka likaisha mikono. Haliruhusiwi kufuta meza wala kushikia sufuria. Kazi yake ni ya siku moja kwa mwaka, siku mvua ya kwanza ya Aprili inapoosha chumvi barabarani. Hapa Tonawanda, mji wetu wa baridi na viwanda, hakuna mwenye gari la zamani atakayelitoa nje kabla ya mvua hiyo, maana chumvi wanayoimwaga msimu mzima wa theluji kuyeyusha barafu inakula bati kama mchwa anavyokula mbao. Wazee wa mtaa wetu hukaa wakingoja, wakichungulia nyuma ya mapazia. Na usiku huo ilikuwa imenyesha. Niliisikia ikipiga paa la gereji nikatamani iwe theluji, angalau theluji ya siku mbili tatu.

Nilitamani hivyo kwa sababu nilikuwa sijamwambia.

Baba yangu anaitwa Kazimierz Pruchnik, jina la Kipolandi, lakini kiwandani walimwita Kaz na hata padri anamwita Kaz. Macho yake yalikwenda miaka minne iliyopita, sukari iliyachukua, ikafuata figo, na mwezi Januari ikachukua vidole vitatu vya mguu wa kushoto. Ijumaa iliyopita alimwambia daktari kwamba basi, haendi tena kufungwa kwenye ile mashine ya kusafisha damu. Daktari alinitoa nje kwenye korido akaniambia siku kumi, labda kumi na nne. Baba alisikia, kwa sababu masikio yake ndiyo aliyobakiwa nayo, akapaza sauti kutoka kitandani: "Mvua itakuja ndani ya kumi, daktari. Hiyo inanitosha."

Alikuwa anangoja gari lake. Liko gerejini, Shevele la mwaka sabini, kijani kibichi cha msitu, mistari miwili myeupe juu ya boneti. Kwa umbo ni gari la kati tu, gari la kupelekea watoto kanisani. Lakini zamani hizo watu wa viwanda vyetu waliingiwa na wazimu mzuri: walichukua gari la ukubwa wa kati, gari la mwalimu, wakalitia injini iliyotengenezwa kuvuta gari la tajiri. Kila kampuni ilikuwa na lake. Baba na rafiki yake wa kiwandani Leroy Tubbs, mpenzi wa Buick, walibishana juu ya hayo miaka thelathini, kwenye foleni ya chakula, kwenye mazishi, mpaka siku ya harusi yangu wakiwa wamesimama na sahani mkononi.

Mimi nilijifunza kuhesabu kwa ukubwa wa injini, kwa inchi za ujazo. Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita, na Baba hakujua hadithi za kumlaza mtoto, kwa hiyo alinikalisha kwenye benchi la gereji akaniuliza.

"Ya chini kabisa?"

"Mia mbili hamsini, silinda sita."

"Ya nani hiyo?"

"Ya padri."

"Halafu?"

"Mia tatu na saba. Ya bibi anayekwenda dukani."

"Eeh. Halafu?"

"Mia tatu hamsini. Ya kijana mwenye mama mkali."

"Halafu?"

"Mia tatu tisini na sita, ambayo ukipima ni mia nne na mbili."

"Kwa nini hawakubadilisha jina?"

"Kwa sababu watu walishalipenda."

"Na ya mwisho?"

Hapo nilikuwa nasimama juu ya benchi. "Mia nne hamsini na nne! Ya mtu aliyeshindwa kungoja!"

Alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Gari letu lina hiyo ya mwisho.

Lakini si ukubwa wake uliokuwa ukimtoa baba yangu kitandani gizani. Injini zote kubwa za aina ile zilitoka hapa hapa Tonawanda, pale kando ya mto, na kijana Kaz ndiye aliyezigonga alama. Kazi yake ilikuwa hiyo. Kila asubuhi alipanga herufi za chuma kwenye kishikio: T ya Tonawanda, tarakimu nne za mwezi na tarehe, kisha herufi za kuonyesha ni injini ya aina gani. Injini ikifika mbele yake anakiweka kishikio kwenye kipande kidogo kilicho bapa, mbele kulia, kwenye uso ule ule inapokalia silinda hedi, kifuniko cha silinda, na anapiga nyundo. Pigo moja. Mamia kwa siku.

Mwaka sabini, mwishoni mwa Februari, kishikio chake kililegea na T ikawa inalala kushoto kama mlevi aliyeegemea ukuta. Ilidumu siku mbili, msimamizi akaiona, akamletea kishikio kipya. Miaka saba baadaye mjane mmoja wa Cheektowaga alikuwa anauza gari la marehemu mumewe. Baba alikwenda kuangalia tu. Akafungua boneti, akapitisha tambara, akaona tarehe ishirini na sita Februari na T iliyolala.

"Nilidhani nitaanguka," alikuwa akiniambia. "Unafanya kitu mara laki ngapi sijui, vyote vinakwenda, huvioni tena. Halafu kimoja kinarudi."

Tangu siku hiyo, kila masika, kabla ya kuwasha, alifuta pale mahali na tambara na kusoma. Macho yalipokufa alisoma kwa kidole gumba, ingawa gari halikuwashwa tena. Mimi nilimwona. Kidole kilikuwa kinapita taratibu, T, sifuri, mbili, mbili, sita, na uso wake unatulia kama mtu aliyeshikwa mkono.

Sasa nitasema nilichofanya.

Injini ilikuwa imekufa. Tangu apofuke hakuna aliyeiwasha, maji yakaingia kwenye silinda mbili, pistoni zikashikana na kutu. Januari, Baba akiwa hospitali wiki sita kwa ajili ya mguu, nikaona huu ndio wakati wangu. Nilikuwa na akiba kidogo ya karo, nikaahirisha somo moja la chuo cha jioni. Binamu yangu akaja na winchi, tukaitoa injini, tukaipeleka kwa fundi wa mashine kule Lackawanna. Leroy angenisaidia, lakini alikuwa kwa dada yake Karolina ya Kusini akikimbia baridi, na nilitaka na yeye nimshangaze.

Fundi alinipigia simu Jumanne nikiwa darasani. Nilitoka nje kwenye korido nikaongea kwa kunong'ona. Akasema uso wa juu wa bloku, mwili wenyewe wa injini, umepinda kidogo, je, aupitishe mashineni ausawazishe? Nikamwambia ndiyo. Akauliza, "Wote, dada, mpaka mbele?" Nikasema, "Wote. Nataka iwe kama mpya." Niliona nimejibu vizuri sana. Nilirudi darasani nikitabasamu.

Mtu yeyote wa nyumba zetu anajua jibu. Unasema hapana, mbele usiguse, mbele kuna namba. Fundi alikuwa ananiuliza hilo hilo. Mimi, niliyesimama juu ya benchi nikipiga kelele za mia nne hamsini na nne, sikulijua. Ukisawazisha mpaka mbele unakwangua na kile kipande chenye alama.

Leroy ndiye aliyeniambia. Alirudi wiki iliyopita, ameng'aa kwa jua la kusini, akaja moja kwa moja gerejini. Injini ilishafungwa, nimeshaiwasha mara mbili Baba akiwa hospitali, nilikuwa nimejawa na furaha. Akafungua boneti, akamulika tochi mbele kulia. Akapitisha kidole, akamulika tena.

"Anko, vipi?"

"Nani kaikwangua hii, binti?"

Nilipomweleza alizima tochi. Akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama tuko kanisani, "Herufi zangu za zamani za kiwandani ninazo nyumbani, kwenye kopo la tumbaku. Seti nzima. Siku ya mvua nitakuja mapema kabla hajaamka, nigonge pale. Na T nitailaza."

"Atajua."

"Atajulia wapi? Ni kidole, Renata. Kidole cha mzee mgonjwa."

Nilimwambia nitafikiri. Nikafikiri siku nne, huku nikimlisha Baba supu ya shayiri kijiko kwa kijiko, na kila nilipotaka kufungua mdomo aliniuliza kama nimesikia utabiri wa hali ya hewa. Na sasa mvua imekuja usiku, na mzee ameamka kabla ya Leroy.

Nikavaa sweta nikashuka.

Alikuwa amesimama katikati ya jikoni bila taa. Kwake taa haina faida, naye husahau kuwa wengine tunaihitaji. Nikaiwasha. Alikuwa amevaa koti juu ya pajama na kiatu kimoja, mguu mwingine una bandeji, fimbo mkono mmoja na tambara mkono wa pili.

"Baba, ni mapema mno."

"Imenyesha."

"Nimesikia."

"Basi nishike mkono. Au unataka nianguke hapa hapa, majirani waseme Pruchnik kauawa na zulia la jikoni?"

"Kaa kwanza. Nina neno."

"Nikikaa sitainuka. Sema hivi hivi."

Nilikuwa naweza kumwambia tumngoje Leroy. Chai, dakika arobaini, Leroy angepita uani na kopo lake na ingekuwa imekwisha. Nilimtazama alivyosimama, uso wake umeelekezwa kwenye jokofu akidhani ndipo nilipo, na nikashindwa. Kumdanganya mtu asiyeona ni rahisi mno.

"Niliitengeneza injini," nikasema. "Ulipokuwa hospitali. Inawaka."

Sijui niueleze vipi uso wake. Alikuwa mzee aliyegeuka manjano kwa ugonjwa, mwenye siku zake za kuhesabika, na kwa muda mfupi nilimwona yule kijana wa nyundo.

"Inawaka?"

"Inawaka, Baba. Nimeiwasha mwenyewe."

"We mtoto! We mtoto we!" Akagonga fimbo sakafuni. "Na unanisimamisha hapa? Twende!"

"Lakini waliusawazisha uso wa bloku."

Fimbo ikatulia. Hakuuliza maana yake. Mimi ilinibidi nielezwe na Leroy kwa tochi, yeye neno moja lilimtosha.

"Mpaka mbele?" akauliza.

"Mpaka mbele. Waliniuliza, nikasema ndiyo. Sikujua."

Alikaa. Kumbe alikuwa anaweza kukaa. Akaliweka tambara juu ya meza na kulilaza kwa kiganja, akilinyoosha pembe zake.

"Nilikufundisha zote," akasema. "Hilo moja sikukufundisha. Nilidhani unalijua."

"Nisamehe, Baba."

"Ngoja." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Bloku ilikaa kule siku ngapi?"

"Wiki tatu."

"Ulikuwapo walipoifungua?"

"Hapana."

"Kulikuwa na bloku nyingine pale?"

Nikaona anakokwenda. "Zilikuwapo."

"Ngapi?"

"Tano. Sita. Zilikuwa chini, ukutani."

"Kubwa kama yetu?"

"Sikuweza kutofautisha, Baba. Zote nyeusi, zote grisi."

Akatikisa kichwa polepole. Mpaka dakika hiyo nilidhani kosa langu ni kufuta alama, kama mtu aliyefuta maandishi ya ukumbusho. Sikuwa nimewaza kwamba bila ile alama hakuna mtu duniani anayeweza kusema ni injini ipi niliyorudishiwa. Namba za kalibu, zile za kumiminia chuma, ziko nyuma, ndiyo, lakini hizo zimo kwenye kila bloku ya kundi lake, maelfu. Fundi huenda ni mwaminifu. Huenda pia alikuta yetu ina ufa, akachukua ya ukutani akanyamaza, na mimi nikalipa na kusema asante.

"Nataka tu kujua kama ni ile," Baba akasema. "Basi. Sina kingine ninachodai."

Nikamshika mkono tukatoka. Hewa ilikuwa na harufu ya udongo uliolowa, barabara nyeusi, safi, hakuna hata mstari wa chumvi. Tuliingia gerejini. Nikafungua boneti, nikamwelekeza mkono, ingawa hakuhitaji kuelekezwa. Akafuta na tambara kama kila mwaka. Kisha akaweka kidole gumba.

Kidole kilipita kikarudi, kikapita tena. Chuma kilikuwa laini kama sahani. Mimi nilitazama mikebe ya rangi kwenye rafu, nikaihesabu, nikairudia.

Breki za gari la Leroy zililia uani. Akaingia kwa kunyata, mtu wa kilo mia na kumi ananyata, ameficha kitu ndani ya koti. Alipomwona Baba alisimama ghafla na kile kitu kikagonga.

"Leroy," Baba akasema bila kugeuka. "Umeleta nini?"

"Misumari, mzee. Nataka kumfungia Renata rafu yake."

"Saa kumi na mbili asubuhi?"

"Rafu haijali saa."

"Nimeshika herufi hizo miaka kumi na miwili, wee mlaghai. Misumari hailii hivyo. Mlitaka kukidanganya kidole changu?"

Leroy akanitazama. Nikatikisa kichwa kumwonyesha kwamba yote yamesemwa. Akatoa kopo la tumbaku, akaliweka juu ya benchi.

"T ningeilaza," akasema kwa unyonge.

"Upande gani?"

"Kushoto."

"Angalau hilo unalikumbuka." Baba akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Wewe ungeweza kugonga kwa kulia ukaniambia ni upepo. Mtu wa Buick haaminiki na nyundo."

"Mtu wa Buick alifika nyumbani kila siku na petroli ikabaki. Hii yako inakunywa kama harusi ya Kipolandi."

"Harusi ya Kipolandi uliyokula sahani nne!"

"Tano. Ile ya tano ulikuwa umelala."

Wakacheka wote wawili.

"Gonga tu, Kaz," Leroy akasema taratibu. "Nikupe nyundo ugonge mwenyewe. Ni mkono ule ule."

"Hapana. Nikigonga leo nitakuwa nimesoma nilichoandika leo. Mimi nataka ile ya siku ile."

Binti yangu Josie alikuwa amesimama mlangoni, miaka mitano, gauni la kulalia na mabuti ya mvua, nywele zimesimama. Akauliza kwa nini hatujamwamsha. Babu yake akamnyooshea mkono, akamwambia kuwa amefika wakati mzuri, anahitaji mtu wa kukaa kiti cha abiria.

Tulimwingiza Baba kwenye kiti cha usukani, Leroy akibeba miguu, mimi mabega. Josie akapanda upande wa pili akakunja magoti. Nikapandisha mlango wa gereji mpaka juu ili moshi utoke, nikampa Baba ufunguo. Aliutafutia tundu bila kupapasa.

Injini iliguna, ikaguna tena, ikawaka.

Sijawahi kuwa mtu wa kusifu kelele, lakini sauti ile inaingia kwanza kifuani kisha ndiyo inafika masikioni. Mikebe ya rangi ilitetemeka kwenye rafu. Baba aliweka kiganja juu ya dashibodi akafunga macho, macho ambayo hayakuwa na haja ya kufungwa, akasikiliza. Akamwambia Leroy avute mkono wa kabureta ili petroli iongezeke. Leroy akavuta, injini ikanguruma, akaachia. Tena. Baba akageuza kichwa huku na huku, sikio la kulia, sikio la kushoto. Nilisimama kwenye dirisha lake mikono ikiwa baridi, na niseme kweli, niliomba. Sikuomba apone, hilo tulishaliacha. Niliomba iwe ile.

Dakika mbili, tatu. Josie aliinama karibu na babu yake, akaweka naye kiganja chake juu ya dashibodi. Midomo ya Baba ilisogea, akamwambia kitu ambacho kwa ngurumo ile sikukisikia. Kisha akaupapasa mlango, akanipata, akanishika kifundo cha mkono.

"Ni yenyewe!" akapaza sauti.

"Kweli, Baba?"

"Unasikia inavyokohoa? Kulia, silinda ya mbele, ikiwa baridi. Tangu mwaka sabini na saba. Wameipa mapafu mapya lakini kikohozi ni kile kile. Ni yenyewe, binti yangu. Ningeijua hata kaburini."

Nikaweka paji la uso wangu kwenye mkono wake nikalia, sikujali Leroy ananiona. Leroy mwenyewe alikuwa amegeukia ukuta, anashughulika na kopo lake, anakaza kifuniko ambacho kilikuwa kimeshakazwa.

"Umefanya vizuri," Baba akasema sikioni mwangu. "Umenirudishia. Nenda utupikie, mimi nakaa hapa kidogo."

Nikarudi jikoni. Kulikuwa kumekucha. Nikatoa soseji za Kipolandi, nikazikata vipande vya mshazari anavyovipenda, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa nilikuwa najisikia mwepesi. Nikaanza kupanga. Kesho, kama atakuwa na nguvu, Leroy ataendesha na Baba atakaa mbele, tutakwenda polepole kando ya mto, tupite mbele ya kiwanda, tushushe vioo. Kosa langu lilikuwa limeponyoka bila kumdhuru. Chuma kilipoteza jina, lakini sikio lilikijua chake. Nilifikiri hata kuandika habari hiyo kwa ajili ya darasa, mwalimu wetu hupenda tuandike mambo ya nyumbani.

Gerejini injini ilizimwa. Nikavunja mayai manne.

Mabuti ya Josie yakaja yakigonga sakafu. Akapanda kwenye kiti cha babu yake, akavuta sahani karibu, akachukua kipande cha soseji kwa mkono, na mimi sikumkemea.

"Babu anakuja?" nikamuuliza.

"Anko Leroy anamshikilia. Anapumzika kwanza."

"Amefurahi, eh?"

Josie alitafuna, akameza, akaitazama sahani kama mtu anayejaribu kukumbuka alichoagizwa.

"Babu ameniambia siyo ile, lakini nisikwambie."